Nani Alianguka Kwanza

Ilikuwapo nchi moja, na ipo hadi leo, lakini si yenu wala si ya jirani zenu, kwa hiyo msianze kutazamana. Ni nchi ya watu wema, yenye bendera nzuri na mawaziri wengi, na jambo ambalo kwalo waliwapita wenzao wote duniani ni kubishana kuhusu ndondi. Si ndondi zote. Vijana wembamba wa kilo hamsini walipigana weee hadi wakachoka, hakuna aliyewajali. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya mabondia wa uzito wa juu, tena wawili tu, Tungaraza aliyeitwa Tofali na Shebuge aliyeitwa Radi.

Pambano lao la kwanza alishinda Tofali. La pili akashinda Radi. La tatu likapangwa ili limalize maneno, na nchi nzima ikahamia uwanjani au kwenye redio. Katika raundi ya mwisho umeme ukakatika. Shirika la umeme lilieleza baadaye kwamba haukukatika, ulipumzishwa. Uliporudi, watu waliwaona mabingwa wote wawili wamekaa kitako katikati ya ulingo, bega kwa bega, na refa yuko chini ya meza ya majaji. Nani alianguka kwanza? Hakuna aliyeona, kwa hiyo kila mtu alijua.

Siku hizo sukari ilikuwa imeadimika, na Serikali ilihofu wananchi wangeanza kuizungumzia. Hawakuizungumzia. Walizungumzia giza. Unga nao ukaadimika, uchaguzi ukasogezwa mbele kwa sababu za hali ya hewa, na bado watu walikuwa vibarazani wakibishana kuhusu makalio ya nani yaligusa turubai kwanza. Wakubwa wakatazamana, wakaona hapa wameokota dhahabu barabarani. Mwaka haukuisha kabla ya kuundwa Wizara ya Mijadala.

Tangu hapo watu wa nchi hiyo hawakuulizana tena habari za asubuhi. Waliulizana, "Upande gani?" na mwenzio akajibu "Tofali" au "Radi", ndipo mkaendelea kununuliana chai au kupitana kimya. Hospitali zilikuwa na milango miwili. Mtoto akizaliwa, mkunga alimtazama amekunja ngumi ipi, akamtangazia mama upande wa mwanawe. Waliozaliwa wamefumbua mikono yote miwili walipelekwa kwa wataalamu.

* * *

Tungaraza mwenyewe alikuwa bado hai, jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau. Alizeeka katika Kasri la Tofali, nyumba aliyojengewa na Serikali katika mji mkuu kwa matofali matupu bila plasta, kwa heshima ya jina lake, na kwa sababu hiyo ilikuwa ya baridi mwaka mzima. Aliishi humo peke yake na mlinzi aliyeitwa Chande. Chande alikuwa kijana mtiifu, na kanuni za kazi yake zilimruhusu kuzungumza na Bingwa jambo moja tu.

"Umeamkaje, Chande?" Tungaraza alimwuliza kila asubuhi.

"Shikamoo, Mheshimiwa Bingwa. Mkono wako wa kushoto ulikuwa mzito, lakini ulichelewa kurudi kwenye kidevu."

"Marahaba. Nimeuliza umeamkaje."

"Hilo siruhusiwi, mzee wangu."

Basi Tungaraza alikunywa chai yake huku akitazama sanamu yake uani, iliyokuwa na mabega mapana kuliko yake, na iliyosemeshwa na wageni wengi kuliko yeye. Siku moja alitoroka hadi dukani kununua mkate. Muuza duka akamwuliza upande gani. Akamjibu, "Mimi ndiye Tofali mwenyewe." Muuza duka akasema, "Mzee, sijauliza wewe ni nani. Nimeuliza uko upande gani."

Upweke ulimwingia kabisa mkewe Asteria alipofariki, maana binti yao alikuwa ameshaolewa mbali, ng'ambo. Siku ya msiba nyumba ilifurika watu, mikeka ikaenea hadi barabarani, na Tungaraza akafarijika, akidhani watu wamekuja kukaa naye. Kumbe mikeka ya kulia ilikuwa ya Tofali na ya kushoto ya Radi, na kabla ya maiti kutoka walikuwa wameshafika kwenye suala la wapinzani. Wa kulia walisema Radi alimpiga nani wa maana, si wale madereva wa matrekta? Wa kushoto wakasema heri matrekta, Tofali alimkwepa yule jitu wa ng'ambo kwa miaka mitatu akisingizia goti. Mzee mmoja alikuja kumpa mkono wa pole, akaushika, akaupimapima uzito, kisha akawageukia wenzake akasema, "Niliwaambia." Hakuna aliyemtaja Asteria. Tungaraza alilia siku hiyo, na gazeti likaandika kwamba bingwa amelia kwa jicho la kushoto kwanza, dalili kwamba ngumi ya Radi ya raundi ya nne ilimfikia.

Tungaraza alitamani kukaa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa Shebuge.

* * *

Msishangae. Niwaambieni yaliyotokea gizani, maana Tungaraza aliyarudia moyoni kila siku, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Umeme ulipokatika, alirusha ngumi ikapiga hewa, akarusha nyingine, kisha akagongana na kifua cha mwenzake. Wakakumbatiana kama mabondia wanavyokumbatiana wakichoka, ila safari hii hakuna refa aliyewaachanisha. Uwanja ulikuwa unapiga kelele za hofu. Shebuge akatema ule mpira wa meno, akamsemea sikioni.

"Tungaraza, umechoka?"

"Nimechoka sana."

"Hata mimi. Tukae. Hawatuoni."

Wakajishusha pamoja polepole, kila mmoja akimshikilia mwenzake asidondoke, wakakaa mgongo wazi bega kwa bega. Jasho la mmoja lilimtiririkia mwingine. Shebuge akamwuliza, "Nasikia mkeo kajifungua?"

"Wa kike. Juzi."

"Hongera, ndugu yangu. Wangu wa kwanza pia ni wa kike. Umeme ukirudi tutasimama."

"Tutasimama."

Walikaa hivyo muda ambao Tungaraza hakuweza kuupima, na kusema kweli ndio muda alioupenda kuliko yote katika maisha yake ya ulingoni. Hakuna aliyekuwa anamtazama, na kulikuwa na bega la kuegemea. Kisha umeme ukarudi ghafla, watu wakavamia ulingo, kila bingwa akanyanyuliwa juu na watu wake, na tangu siku hiyo hawakuonana tena. Wizara iliwapangia makazi kwenye ncha mbili za nchi, Tungaraza mji mkuu na Shebuge mji uitwao Mwisho wa Lami, na ikapitisha Sheria ya Ukimya wa Bingwa, inayosema bondia asizungumzie pambano lake, kwa kuwa ana maslahi.

* * *

Asubuhi moja Kasri likapokea mgeni. Alikuwa Bwana Fungameza, Naibu Katibu wa Wizara ya Mijadala, mtu wa suti na sauti nzito, ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anafungua bunge.

"Mheshimiwa Bingwa," alisema kabla hajakaa, "Taifa limeamua. Mwezi huu tutafanya Mjadala Mkuu wa Kutathmini na Kutunza Turathi za Mabondia wa Uzito wa Juu. Nawe utaketi mbele, kama kawaida, na kutoa pumzi."

Kutoa pumzi ilikuwa desturi. Kila mwaka bingwa aliletwa jukwaani, kipaza sauti kikasogezwa puani, akapumua, na wataalamu wakaisikiliza pumzi hiyo na kueleza ina maana gani kwa raundi ya mwisho. Shebuge naye alipumulishwa huko kwake na pumzi yake ikaletwa kwa redio.

"Mwaka huu kuna haraka gani?" Tungaraza aliuliza. "Mjadala si hufanyika baada ya mavuno?"

Fungameza akakohoa. "Mmoja wa mabingwa wetu afya yake si ya kutegemewa. Lazima turathi itunzwe mapema."

"Shebuge anaumwa?"

"Sikutaja jina."

"Tuko wawili, Bwana Fungameza, na mimi ninakunywa chai hapa."

Naibu Katibu akatazama dari. Tungaraza akaweka kikombe chini, akasema neno alilolitunza miaka yote. "Nataka nikamwone. Siku moja tu. Sitaki kitu kingine kwenu. Hata nyumba hii chukueni."

Fungameza hakukasirika. Alimtazama kwa huruma halisi, kama daktari anayemweleza mtu kwa nini hawezi kuruka.

"Mzee wangu, nikueleze kwa upole. Nyinyi wawili mkikutana, mtazungumza. Mkizungumza, mtakubaliana. Na mkikubaliana, wananchi hawa milioni kadhaa, wamelala bila sukari, wameamka bila unga, watazungumza nini?" Akaegemea nyuma. "Amani ya nchi hii imekalia swali moja. Usije ukatuletea jibu."

Kisha akampima upana wa mabega kwa utepe, kama kanuni zilivyotaka, akaondoka.

* * *

Mjadala Mkuu ulifanyika katika Ukumbi wa Giza, jengo lililofanana na uwanja ule wa zamani. Waziri, Mheshimiwa Remija Kalokola, aliufungua kwa hotuba ndefu kuhusu mchango wa ngumi ya pembeni katika maendeleo ya kilimo. Wajumbe wakapiga makofi kila upande kwa zamu, ili asionekane mtu amependelea.

Kisha ikaonyeshwa filamu ya pambano. Ilipofika mahali umeme ulipokatika, pazia lote likawa jeusi, na ukumbi ukanyamaza kwa unyenyekevu. Profesa Mbelwa wa Idara ya Videvu akapanda jukwaani na fimbo yake, akaanza kuigusisha kwenye weusi ule.

"Angalieni hapa," alisema. "Goti la Tofali linaanza kulegea. Linalegea, linalegea, na hapa, kwenye kona hii, limekwisha."

"Profesa anapotosha," akasema mtaalamu wa upande wa pili, akinyoosha kidole kwenye weusi uleule. "Hapo ni Radi. Mwenye macho haambiwi, lakini wewe nitakuambia. Tazama kaptula."

Wakabishana. Wakajadili kidevu cha nani kilikuwa kigumu, nani alipigana enzi ya wanaume na nani enzi ya walaji, mkanda upi ulikuwa wa ngozi halisi, na kama Tofali wa ujanani angekutana na Radi wa ukubwani wakiwa wote na mafua nani angepiga chafya kwanza. Wengi waliokuwa ukumbini hawakuwa wamezaliwa siku ya pambano, na hao ndio walioapa kwamba waliona. Tungaraza alikaa mbele yao kwenye kiti chekundu. Alikuwa katikati ya watu elfu wanaolitaja jina lake, na hakuwahi kujisikia mpweke kama siku hiyo.

Wakati wa pumzi ukafika. Kipaza sauti kikasogezwa, ukumbi ukanyamaza, wataalamu wakafunga macho ili wasikie vizuri. Tungaraza akavuta hewa. Kisha, badala ya kuitoa, akasema.

"Hakuna aliyeanguka. Tulikaa."

Wataalamu wakafumbua macho.

"Tulikuwa tumechoka," aliendelea, na sauti yake ya uzee ikasikika hadi mlango wa nyuma. "Shebuge akaniambia tukae, nikakubali. Tulishuka pamoja. Aliniuliza habari za mke wangu na mtoto wangu. Ni mtu mwema. Sasa anaumwa, na mimi nataka kwenda kukaa naye. Ndiyo hiyo tu."

Ukimya uliofuata ulikuwa haujawahi kutokea katika nchi hiyo. Mheshimiwa Waziri alionekana akivuja jasho. Bwana Fungameza alikuwa amejishika kichwa. Kwa muda mfupi kabisa, ukumbi mzima ulikuwa unamtazama mzee mmoja kwenye kiti, na baadhi ya watu walionekana wanataka kuinuka waende kwake. Mama mmoja wa upande wa Radi alikuwa anafuta machozi.

Profesa Mbelwa ndiye aliyeiokoa nchi.

"Mzee," alisema kwa upole wa kisomi, "ulipoyaona haya unayotueleza, ulikuwa wapi?"

"Ulingoni."

"Kulikuwa na mwanga?"

"Hapana. Umeme ulikuwa umekatika."

"Kwa hiyo ulikuwa gizani."

"Ndiyo."

"Basi uliona nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kicheko kikubwa cha watu walioponea chupuchupu. Akasimama mkongwe wa upande wa Tofali, akitetemeka kwa hasira. "Mimi nimemtetea Tofali maisha yangu yote," alisema. "Nimeachana na mke wangu kwa ajili yake. Tofali ninayemjua mimi hakai. Huyu si Tofali." Na upande wa Radi ukajibu kwa sauti moja kwamba kweli, Tofali alikuwa mwoga lakini si kiasi hicho, huyu hawezi kuwa yeye.

Hapo Waziri akaona hatari nyingine, maana pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana. Akagonga meza haraka. "Wajumbe," alisema, "naona tumepata hoja mpya. Je, huyu ni Tofali, au si Tofali? Wanaosema ndiye, wakae kulia. Wanaosema siye, kushoto." Viti vikakwaruza sakafu, watu wakahama kwa furaha, na mjadala ukaanza upya kwa nguvu ambazo hazikuonekana miaka mingi.

Tungaraza akainuka kwenye kiti chekundu. Hakuna aliyegeuka. Akapita katikati ya watu waliokuwa wanabishana kama ndiye, akafika mlangoni, akamkuta Chande amesimama wima.

"Unanizuia?" alimwuliza.

Chande akafikiri. Alikuwa mtu wa kanuni. "Mimi nimeagizwa kumlinda Tofali," alisema hatimaye. "Wameanza kupiga kura humo, na wewe unaelekea kushindwa. Kwa hiyo kwangu wewe ni mpita njia." Akafungua mlango. Kisha akatazama huku na huku, akamshika mzee mkono. "Nimeamka salama, mzee wangu. Ila usingizi sikupata, mtoto ana homa."

"Pole sana," alisema Tungaraza. "Mpe maji mengi."

* * *

Alipanda lori la vitunguu lililokuwa linaelekea Mwisho wa Lami. Dereva alimwuliza upande gani.

"Sina," alijibu Tungaraza.

Dereva akamtazama sana. Akasema hajawahi kusikia, lakini kanuni za barabarani hazikatazi, apande tu huko nyuma na vitunguu. Safari ilikuwa ndefu na ya vumbi, na mzee alikuwa na hofu moja tu, kwamba angefika na kukuta mikeka imetandikwa.

Hakukuta mikeka. Alikuta nyumba kubwa iliyopakwa rangi ya umeme wa radi, na nesi mnene aliyeitwa Hidaya, amekaa kibarazani anachambua mchele. Redio pembeni yake ilikuwa inatangaza kwamba wanaosema siye wanaongoza. Walinzi wa nyumba walikuwa wamekwenda mjini kuhamia upande mpya.

"Wewe ni nani, babu?" Hidaya aliuliza.

Tungaraza akatafuta jina la kutaja akakosa. "Mimi nilikuwa naye umeme ulipokatika," alisema.

Hidaya akasimamisha sinia. Alimtazama mabega, akamtazama mikono, kisha akainuka. "Haoni tena," alisema wakiwa wanatembea ukumbini. "Macho yalikwenda mwaka juzi. Kuongea aliacha kabla ya mfungo. Wanakuja wale wa Wizara kumpumulisha, basi. Na kitandani hakai, kitini hakai. Anashuka chini, anainama upande mmoja hivi, kama anategemea kitu. Nikimwekea mto hapo ubavuni anautupa. Mito yote ya nyumba hii nimejaribu."

Akafungua mlango. Jua la saa nane lilikuwa limejaa chumba kizima, ukutani, sakafuni, juu ya kitanda kisicholaliwa. Shebuge alikuwa amekaa chini katikati ya mwanga huo, mwili ule mkubwa umekauka ukabaki mifupa, macho meupe, ameinamia kushoto kwake ambako hapakuwa na mtu.

Tungaraza alivua viatu. Akajishusha polepole, goti moja likalia, la pili likalia, akakaa sakafuni upande ule mtupu, akalisogeza bega lake hadi likakutana na la mwenzake.

Shebuge hakushtuka. Uzito wake wote ulimjia taratibu, na Tungaraza akaupokea. Wakakaa. Redio huko nje ilikuwa inapiga makelele, Hidaya akaenda kuizima.

Muda ukapita. Kisha Shebuge akafumbua midomo iliyokauka, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa majaji wasimsikie.

"Tungaraza. Umeme umerudi?"

Tungaraza akautazama ule mwanga uliojaa chumba kizima.

"Bado, ndugu yangu," alisema. "Kaa tu."